Chanda Chema: Wiki Moja na Kucha za Kijani

CHANDA chema huvikwa pete, walinena wahenga. Wahenga hao hao, hata hivyo, hawakutueleza chanda chema ni kipi hasa. Je, ni kile laini ambacho hakijui mpini wa jembe? Au ni kile kigumu, chenye nyufa, kilicholea watoto sita kwa kulima na kupalilia? Mimi nilianza kujiuliza swali hili mwezi wa Julai mwaka jana, kwa sababu ya chupa moja ndogo ya rangi ya kucha niliyoinunua kwa shilingi 150 mjini Machakos.

Ilikuwa Jumamosi. Baridi ya Julai ilikuwa imeushika mji, na milima ya Iveti ilikuwa imejifunika ukungu hata saa tano za asubuhi. Karibu na kituo cha mabasi palikuwa na kibanda chembamba, chupa za rangi zimepangwa juu ya ubao kama askari kwenye gwaride. Mwenye kibanda alikuwa kijana wa kiume wa miaka ishirini na kitu. Msistaajabu, wasomaji wapenzi. Siku hizi katika miji yetu mingi kazi ya kupaka kucha imeshikwa na vijana wa kiume, nao huifanya kwa utulivu wa fundi saa.

Mimi kwa kawaida ni mtu wa nyekundu, au ile tuitayo damu ya mzee. Siku hiyo macho yangu yalinaswa na rangi nyingine. Ilikuwa kijani, lakini si kijani cha bendera wala cha sare za shule. Ilikuwa kijani kilichopoa, kana kwamba mtu ametia tone la rangi ya majani ndani ya kikombe cha maziwa. Wauza mboga wa Machakos watanielewa upesi nikisema kwamba ilikuwa rangi ya mbaazi mbichi zilizotolewa kwenye ganda sasa hivi.

Mhariri wangu aliposikia habari ya chupa hiyo, alinipa kazi. "Paka," aliniambia, "ukae nayo wiki nzima. Ufue, upike, uandike, upande matatu. Halafu uwaambie wasomaji kama rangi hii inamfaa mwanamke mwenye kazi zake, au ni pambo la wale wasioosha sufuria."

Nilicheka. Sikujua kwamba kazi hiyo ingenifikisha mbali kuliko kibanda cha kijana yule.

Kupaka si kuchovya tu

Jaribio la kwanza nililifanya nyumbani usiku, baada ya watoto kulala. Lilikuwa aibu tupu. Rangi ilitoka mistari mistari, hapa nzito, pale nyepesi, mfano wa ukuta uliopakwa chokaa na mtu mwenye haraka. Niliongeza mpako wa pili juu ya wa kwanza ambao haujakauka, na yote ikavutana pamoja. Nilipoamka asubuhi, alama za nyuzi za blanketi zilikuwa zimechapwa kwenye vidole vyangu vyote.

Jumapili mchana nilirudi kwa kijana wa kibanda. Hakunicheka. Alinieleza kwamba rangi hizi zilizopoa ndizo ngumu kupaka kuliko zote, kwa kuwa zimechanganywa na chembe nyingi nyeupe, za aina ile ile inayotumika katika rangi ya nyumba. Nyekundu husamehe makosa. Kijani cha maziwa hakisamehi.

Kisha alinifunza, nami nawapa kama nilivyopewa.

Kwanza, usiitikise chupa kama dawa ya kikohozi, kwa maana utaingiza mapovu. Iviringishe katikati ya viganja mpaka rangi ichanganyike. Pili, ondoa mafuta yote kwenye kucha kwa pamba yenye dawa ya kuondolea rangi, hata kama hukuwa na rangi, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta. Tatu, anza na mpako mwembamba usio na rangi, ili kijani kisiingie ndani ya ukucha na kuuacha na madoa. Nne, paka mara tatu nyembamba badala ya mara moja nzito, na kila mpako uusubiri ukauke. Tano, pitisha brashi kwenye ncha yenyewe ya ukucha, kwa kuwa hapo ndipo rangi huanzia kubanduka. Mwisho, funika kwa mpako wa kung'arisha.

"Na baridi hii ya Machakos," aliongeza, "usikimbilie kushika mkoba, dada. Kaa kitako dakika ishirini."

Nilikaa. Nilipoinua mikono kuitazama, nilikiri moyoni kwamba rangi ilikuwa nzuri. Ilituliza macho. Juu ya ngozi nyeusi ilionekana kama jani changa baada ya mvua ya kwanza.

Ilikotoka

Kupamba kucha si jambo la jana. Huko pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mombasa, bibi harusi hupakwa hina mikononi na miguuni, na ncha za vidole na kucha zikaiva rangi ya kahawia. Hina ni majani yaliyosagwa, na Wamisri wa kale waliitumia maelfu ya miaka iliyopita.

Rangi ya chupa ni mtoto wa karne ya 20. Wengi wetu Kenya huiita Cutex, hata kama chupa ina jina jingine kabisa. Jina hilo lilitoka kwa kampuni ya Mmarekani Northam Warren, ambaye mwaka wa 1911 alianza kuuza dawa ya kulainisha ngozi inayozunguka ukucha, na miaka michache baadaye kampuni yake ikauza rangi ya maji. Mwaka wa 1932, ndugu wawili wa jamaa ya Revson pamoja na mwenzao Charles Lachman walianzisha Revlon huko huko Marekani, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa rangi ya kucha.

Kinachoifanya rangi hiyo ing'ae ni nitroselulosi, dawa iliyotumika pia kutengenezea rangi ya magari ya zamani. Huyeyushwa katika vimiminika vinavyopaa upesi hewani, na ndivyo vinavyotoa ile harufu kali. Vimiminika hivyo hushika moto kwa urahisi mno. Kwa hiyo, mama, usipake kucha karibu na jiko linalowaka, wala usimwachie mtoto chupa.

Nani anakufulia?

Jumatatu asubuhi nilipanda matatu. Makanga aliponirudishia chenji alikitazama kiganja changu akasema kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha nyuma, "Dada, umetoka kuambua mbaazi bila kunawa?" Gari zima likaangua kicheko, nami nikacheka pia.

Jumanne sikucheka. Mwenzangu mmoja wa kazini, mwanamume wa makamo na baba wa watoto, aliziangalia kucha zangu kisha akaniuliza polepole, "Sasa ukiwa hivyo, nani anakufulia?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anauliza alichofunzwa kwao, na hata mimi nilifunzwa hicho hicho: kwamba mkono uliopakwa rangi ni mkono mvivu. Binti akionekana na rangi, watu humwonea huruma mumewe. Nilimjibu kwamba nguo zangu nafua mwenyewe, na Jumatano nikazifua, ndoo tatu, kwa sabuni ya kipande.

Hapo ndipo rangi ilipoanza kushindwa. Ukucha hunywa maji ukavimba, halafu hukauka ukanywea. Rangi iliyo juu yake haivimbi wala hainywei kwa kiasi hicho, kwa hiyo hupata ufa. Nilimaliza kufua nikiwa na nyufa mbili kwenye mkono wa kulia. Glavu za mpira zingeniokoa, lakini nani kati yetu hufua na glavu?

Alhamisi nilikanda unga wa chapati. Nilipomaliza niliona ncha ya kidole gumba imebanduka, na kipande chenyewe sikukiona popote. Nilitupa donge zima la unga, nikaumia moyo kwa bei ya unga wa ngano. Tangu siku hiyo naelewa kwa nini jikoni za hoteli nyingi hazitaki wapishi wenye rangi. Wauguzi nao wana kanuni zao: Shirika la Afya Duniani (WHO) linawashauri wahudumu wa afya wasivae kucha za bandia, na kucha zao za asili zisizidi nusu sentimita kupita ncha ya kidole.

Ijumaa jirani yangu, mama wa Kiislamu tunayepeana chumvi juu ya ua, alinieleza upande wake. Yeye hupenda rangi sana, alisema, lakini rangi ya chupa huzuia maji yasifike kwenye ukucha wakati wa kutawadha, kwa hiyo lazima iondolewe kwanza. Hina haizuii maji. "Ndiyo maana mimi na hina ni chanda na pete," alisema akicheka.

Kufikia Ijumaa jioni nilikuwa na jibu la mhariri: rangi ni nzuri, lakini haistahimili kazi za mwanamke wa kawaida. Nilidhani makala yangu imekwisha.

Mikono isiyoonekana

Jumamosi nilirekebisha nyufa zangu, nikaitia chupa mkobani, nikapanda gari la kwenda Kathiani kumwona mama.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, beseni mapajani, anaambua mbaazi. Nilisalimu, nikavuta kigoda changu, nikaanza kumsaidia. Nilijua ataziona kucha zangu, na nilikuwa nimejitayarisha kukemewa. Mama yangu ni mtu wa kanisa na mtu wa jembe, na tulipokuwa wasichana hakuruhusu rangi ya aina yoyote nyumbani.

Alizitazama. Akachukua mbaazi moja akaiweka juu ya ukucha wangu. Vilifanana kabisa. Akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani.

"Mwaitu," nilimwita, ndivyo tunavyosema mama kwa Kikamba, "hukasiriki?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Siku ya harusi yako waliniweka mbele kwenye picha. Uliona mikono yangu iko wapi?"

Nilisimama nikaingia ndani. Picha hiyo imening'inia ukutani miaka tisa, na nimeitazama mara zisizo na idadi. Mama ameketi safu ya mbele, amevaa gauni jipya, na mikono yake yote miwili imefichwa chini ya leso. Nikaangalia picha ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Mikono iko nyuma ya mgongo wa mtoto. Picha ya kaka yangu alipofuzu chuo: mikono iko ndani ya koti.

Nilirudi nje nikaketi. Sikuwa na neno.

Wasomaji, nataka mwielewe mikono hiyo. Anayesafiri Machakos leo huona vilima vimekatwa matuta kama ngazi, mahindi yamesimama juu yake na mikahawa huko Kathiani na Kangundo. Mandhari hayo hayakuja hivyo. Katika miaka ya 1930 udongo wa Ukambani ulikuwa ukichukuliwa na maji, na wengi walioiona nchi hii walidhani imekwisha. Mwaka wa 1994 wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoueleza ulimwengu jinsi watu wa Machakos walivyoongezeka mara nyingi ilhali mmomonyoko ukapungua. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, watu wa kijiji kusaidiana kulima zamu kwa zamu, na wengi wa waliokuwa wakiinama humo walikuwa wanawake. Matuta ya fanya juu yanaitwa hivyo kwa kuwa udongo huchimbwa mtaroni ukarushwa juu, upande wa mlima. Kila koleo moja ni kuinua.

Mama yangu alikuwa katika mwethya tangu alipoolewa. Asubuhi alikuwa mtaroni, alasiri mtoni, na jioni alisokota nyuzi za katani juu ya paja ili kusuka viondo vya kuuza. Katani hula ngozi, na jembe hupasua kucha. Karo zetu sote sita zilipita katika vidole vile. Navyo ndivyo alivyoviona vya kufichwa.

"Nipake," alisema ghafla. "Kidole hiki kimoja tu, nione."

Nilichokiona

Nililowesha pamba, nikamshika mkono. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliushika mkono wa mama zaidi ya muda wa salamu. Sikukumbuka.

Nilipokuwa nikipangusa ukucha wa kwanza niliona jambo. Ukucha ulikuwa umebonyea katikati na kingo zake zimeinuka, kama kijiko. Tone la maji lingeweza kutulia juu yake bila kumwagika. Nikatazama wa pili na wa tatu. Vilevile. Na nyama ya chini yake, ambayo kwa mtu mzima huwa na wekundu kidogo, ilikuwa nyeupe kama karatasi.

"Kucha zako zimekuwa hivi tangu lini?"

"Ni kazi hizo," alijibu. "Na uzee."

Nilimuuliza kama ana nguvu. Alisema siku hizi akipanda kutoka kisimani husimama mara tatu njiani, na moyo humdunda. Hilo nalo alilipa jina la uzee. Nilimuuliza kama kuna dawa anazokunywa. Alisema hana ugonjwa, ila magoti humuuma tangu mwaka juzi, kwa hiyo hununua vidonge vya maumivu dukani, viwili asubuhi na viwili jioni.

Sikujua maana ya mambo hayo yote. Nilijua tu kwamba sikuyapenda. Nilimpaka vidole vyote kumi, kwa kuwa baada ya kile kimoja alinyoosha mkono mzima bila kusema kitu, na Jumatatu nikampeleka kliniki mjini.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa rika langu. "Nani amekupamba hivi, mama?" aliuliza, na mama akanyoosha kidole kwangu kwa fahari ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Kisha muuguzi akaleta kile kifaa kidogo cha kubana kidole, ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa korona mwaka wa 2020. Hupima hewa ya oksijeni katika damu kwa kupitisha mwanga kwenye kidole. Alituomba radhi, akachukua pamba, akaondoa rangi kwenye vidole viwili.

Alitueleza sababu. Rangi nzito, hasa nyeusi, buluu na kijani, zinaweza kukipotosha kifaa hicho kidogo. Isitoshe, ukucha ni dirisha. Mhudumu wa afya huubonyeza mpaka uwe mweupe halafu akauachilia, na wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili hivi, hujua kwamba damu haizunguki sawasawa. Ukucha ukiwa wa buluu, oksijeni ni haba. Ukiwa mweupe, huenda damu imepungua. Ukibonyea kama kijiko, mara nyingi mwili umekosa madini ya chuma. Ndiyo sababu mgonjwa anayekwenda kupasuliwa huagizwa aondoe rangi.

Muuguzi alivitazama vidole vile viwili, kisha akavuta kope ya chini ya jicho la mama akatazama huko pia. Akanyamaza, akaandika karatasi ya maabara.

Kipimo kilisoma gramu 7 za himoglobini kwa desilita. Mwanamke mzima asiye mjamzito anatarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Daktari alipouliza juu ya vidonge vya magoti, mama alivitoa kwenye fundo la leso. Daktari alitikisa kichwa. Dawa nyingi za maumivu za aina ile, zikimezwa kila siku kwa muda mrefu, huchubua tumbo, na kidonda hicho kinaweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi bila mtu kuona. Vipimo vya hospitalini baadaye vilithibitisha. Mama yangu alikuwa na kidonda cha tumbo, naye alikuwa akipoteza damu huku sisi sote tukisema ni uzee.

Alitibiwa. Vidonge vile viliachwa, akapewa dawa ya kidonda na dawa ya kuongeza chuma. Akaelezwa pia asinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini, ilhali matunda kama machungwa na maembe husaidia. Mbaazi zake, ndengu na kunde aliambiwa azidi kuzila.

Nilimwuliza muuguzi kama nimekosea kumpaka. Alifikiri kwanza. "Kama angekuja na rangi, nami nina wagonjwa arobaini nje, na asiseme neno juu ya uchovu wake," alisema, "huenda nisingeona. Lakini kama usingempaka, wewe nawe usingemleta."

Basi hukumu ni ipi?

Mhariri alitaka jibu, nami ninalo. Rangi ya kijani hafifu inamfaa mwanamke mwenye kazi zake, almuradi ajue mambo machache.

Ipake Ijumaa jioni kazi zikishapungua, na usitarajie ikae zaidi ya siku nne au tano ukiwa mtu wa kufua na kukanda unga. Ikianza kubanduka, iondoe yote kabla ya kuingia jikoni. Usiibandue kwa meno wala kwa ukucha mwingine, maana huondoka na tabaka la ukucha wenyewe. Dawa ya kuondolea rangi hukausha, kwa hiyo ukimaliza jipake mafuta mazito vidoleni. Zipumzishe kucha siku kadhaa kati ya mpako na mpako, na siku hizo uzitazame.

Unaponunua, angalia kama chupa ina jina la mtengenezaji na orodha ya vilivyomo, na kama ina alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS). Jihadhari na toluini, fomaldehaidi na DBP, ambayo Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika vipodozi. Paka penye hewa, hasa ukiwa mjamzito. Na ukienda hospitali, nenda na kucha tupu.

Kuhusu kuzitazama, usiingiwe na hofu bure. Madoa meupe madogo aghalabu hutokana na kujigonga, nayo hutoka kadiri ukucha unavyokua. Mistari myeusi ni ya kawaida kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi. Lakini mstari mmoja mpya katika kidole kimoja, unaozidi kupanuka, uonyeshe daktari. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa mwaka wa 1977 kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Saratani hiyo ilisambaa mwilini, naye akafariki mwaka wa 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Kwa mwenzangu wa kazini aliyeuliza nani hunifulia, nilimpa salamu: akirudi nyumbani jioni, amshike mama watoto mkono autazame, rangi iwepo au isiwepo.

Ukucha wa mkono hukua kama milimita tatu kwa mwezi, na huchukua karibu miezi sita kujibadilisha wote. Tulianza matibabu mwezi wa Julai. Mwezi wa Januari nilipanda tena kwenda Kathiani. Mama alikuwa ametoka kisimani, na nilipomuuliza alisimama mara ngapi njiani, alisema hakumbuki kusimama. Nilimshika mkono. Kucha zilikuwa ngumu, bado zina nyufa za jembe, lakini zimenyooka, na chini yake palikuwa na wekundu.

Wajukuu wanaomwita susu walikuwa wamekuja wote, na kaka yangu alitaka picha. Mama aliniita kando akaniuliza kama ile chupa ya mbaazi bado ninayo. Ilikuwa imebaki kidogo, chini kabisa, na tuliisugua mpaka ikatosha vidole kumi.

Picha hiyo sasa iko ukutani, kando ya ile ya harusi. Mama ameketi katikati, na mikono yake yote miwili iko juu ya magoti, nje ya leso.